Nimeacha kutenganisha riwaya na vitabu vya maarifa. Karibuni tuongelee maktaba ya msomaji wa kila kitu

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wetu sisi ambao tukiulizwa "unasoma vitabu vya aina gani?" jibu haliji haraka. Leo riwaya ya upelelezi, kesho historia ya ramani, keshokutwa diwani, na usiku wa manane unajikuta umezama kwenye kitabu kinachoeleza jinsi pweza anavyobadili rangi. Kwa miaka mingi niliona huu ni udhaifu wangu, kugusa kila mahali bila kutia nanga. Siku hizi sioni hivyo tena, na kilichonibadilisha ni namna nilivyovipanga vitabu vyenyewe.

Nina vitabu mia nne na ushei. Zamani vilikaa kama vinavyokaa kwa wengi: riwaya, tamthilia na hadithi fupi kabati la kushoto, historia, sayansi, tawasifu na vinginevyo kabati la kulia. Mwaka jana ilinibidi nivishushe vyote sakafuni kwa sababu ya unyevu ukutani (habari za unyevu nitazieleza kwa atakayehitaji). Wakati wa kuvirudisha, nikiwa nimeshika riwaya moja ya mji uliofungwa kwa sababu ya tauni, nikaona karibu na goti langu kitabu cha kipindupindu cha London cha mwaka 1854. Nikaviweka bega kwa bega bila kuwaza sana. Wiki ile nikavisoma upya vyote viwili kwa kupokezana, sura ya hiki, sura ya kile.

Kile cha historia kinaeleza jinsi daktari John Snow alivyofuatilia vifo vya eneo la Broad Street nyumba kwa nyumba, akavichora kwenye ramani kwa vistari vyeusi, na vistari vikazidi kurundikana karibu na pampu moja ya maji. Mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Snow mwenyewe alikiri kwamba huenda ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya mpini kutolewa, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Hilo la watu kukimbia, kitabu changu cha historia kinalipita kwa sentensi moja. Riwaya inakaa humo kurasa nyingi: nani anafunga mlango, nani anamwachia jirani ufunguo, nani anabaki kwa sababu mama yake hawezi kutembea. Nilipotoka kwenye riwaya na kurudi kwenye ramani ya Snow, kila kistari kilikuwa na mlango na mtu nyuma yake.

Tangu siku hiyo nimepanga vyote hivyo. Magereza na magereza, bahari na bahari. Riwaya ya fundi cherehani imekaa na historia ya pamba, na diwani moja ya mapenzi iko karibu na kitabu cha moyo kilichoandikwa na daktari wa upasuaji, kwa sababu vyote viwili vinaanza na mapigo.

Sijavumbua kitu. Mwanahistoria wa sanaa Aby Warburg, wa Hamburg, aliiendesha maktaba yake nzima kwa kanuni ya ujirani mwema: kitabu unachokihitaji mara nyingi si kile ulichokifuata, ni jirani yake rafuni. Fikra zake zilipohama, vitabu vilihama nazo. Alifariki mwaka 1929, na mwaka 1933 maktaba hiyo, vitabu kama 60,000, ikapakiwa melini na kupelekwa London kuwakimbia Wanazi. Hadi leo iko huko, rafu zake ziko wazi kwa msomaji, na sakafu zake zimegawanywa kwa Taswira, Neno, Mwelekeo na Tendo. Sanaa, uchawi, unajimu, sayansi na ushairi vinapita humo vikikutana.

Mwingine ni Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani. Waingereza walipochoma jengo la Bunge la Marekani mwaka 1814, vitabu vya Bunge viliungua. Jefferson akaliuzia maktaba yake mwaka 1815, vitabu 6,487 kwa dola 23,950. Wapo wabunge waliopinga: vitabu vya falsafa na vya lugha za kigeni vinawahusu nini watunga sheria? Jefferson alikuwa ameshaandika kwamba hakuna somo ambalo mbunge hatapata siku ya kulihitaji. Mpangilio wake aliutoa kwa mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, sehemu tatu kuu: Kumbukumbu, Akili na Ubunifu. Ndani ya Ubunifu, vitabu vya bustani vimo pamoja na ushairi na muziki. Mtu aliyeweka bustani na ushairi chumba kimoja namwelewa kabisa.

Na jambo la mwisho, halafu niwaachie. Nina riwaya moja ya mtumba, ya wavuvi. Aliyeimiliki kabla yangu alikuwa akiweka alama za penseli pambizoni, vijistari vidogo kila mahali palipompendeza, vimechorwa kwa mkono mwepesi sana. Vinakwenda hadi ukurasa wa 143. Baada ya hapo kurasa ni safi, na mgongo wa kitabu kuanzia hapo haujalegea. Mpaka sasa nikikipanga namwaza mtu huyo.

Nyinyi mnapangaje? Na kama mnachanganya, mnachanganya kwa kufuata nini?

#2

Nimekaa mkao wa kusoma, mkuu. Mimi napanga kwa rangi ya jalada. Najua wengi hawapendi, ila macho yangu hushika rangi kuliko jina la mwandishi. Nikitafuta kitabu nakumbuka "kile cha kijani kibichi chenye mgongo uliochanika", na nakifikia gizani.

#3

Aliyepanga kwa rangi asijione mpweke. Samuel Pepys, yule Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika shajara, alipanga vitabu vyake 3,000 kwa kimo. Vilivyokuwa vifupi kuliko wenzao aliviwekea vipande vya mbao chini ili migongo ilingane. Aliacha wosia kwamba maktaba yake isiongezwe wala isipunguzwe kitabu, na bado imekaa hivyo hivyo katika chuo cha Magdalene, Cambridge, kwenye makabati yake kumi na mawili.

#4

Mleta uzi, mimi kazi yangu ni ukutubi, kwa hiyo naomba niweke sawa mambo mawili.

La kwanza nakuunga mkono. Watu hudhani uainishaji wa maktaba umeshuka kutoka mbinguni. Haukushuka. Mkutubi Mmarekani Melvil Dewey alitoa mfumo wake mwaka 1876 na kugawa maarifa yote katika madaraja kumi, na aligawa kwa jicho la mahali alipokuwa. Nenda daraja la 200, la dini: Ukristo umepewa nafasi kubwa kuanzia 220 hadi 280 na kitu, dini nyingine zote zikabanwa kwenye 290. Nenda daraja la 800, la fasihi: Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa kila kimoja kina nafasi yake pana, halafu 890 wamerundikwa wengine wote. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Hesabu tarakimu uone umbali tuliosukumwa. Kwa hiyo anayepanga nyumbani kwake kwa jicho lake mwenyewe hajafanya kosa lolote.

La pili sikubaliani nawe. Kitabu ni kitu kimoja, kinakaa mahali pamoja. Riwaya yako ya tauni nina hakika ina ndoa ndani yake, ina imani, ina urafiki wa wazee wawili. Umeiweka kwenye ugonjwa, basi umeshaamua inahusu ugonjwa, na kila utakapoitazama itakuambia hivyo hivyo. Mpangilio wa alfabeti kwa jina la mwandishi hauna hekima yoyote, na huo ndio uzuri wake: hauamui kitabu kinahusu nini. Maktaba nyingi za umma huzitoa riwaya nje ya Dewey na kuzipanga kwa jina la mwandishi, na hazikufanya hivyo kwa uvivu.

Kuna kanuni tano za ukutubi alizochapisha S. R. Ranganathan wa India mwaka 1931, mtu aliyeanzia kwenye hisabati kabla ya kuwa mkutubi. Moja yao inataka tuokoe muda wa msomaji. Una vitabu mia nne, unavikumbuka. Vikifika elfu nne utatembea nyumba nzima ukitafuta kitabu kimoja.

#5 · Mleta uzi

Mkutubi, nimekusoma mara mbili na hoja yako ya pili imenigusa, kwa sababu ni kweli. Riwaya ile ina ndoa, tena ndoa iliyonisumbua kuliko tauni.

Nilivyofanya ni hivi. Nina daftari (sasa nimelihamishia kwenye kompyuta, jedwali la kawaida tu). Kila kitabu kina mstari wake: mwandishi, jina, mwaka wa kuchapwa, rafu kilipo, tarehe niliyomaliza, na safu ya mwisho nimeiita "majirani". Humo naandika vitabu vingine ambavyo kingeweza kukaa navyo. Riwaya ya tauni ina majirani watano kwenye jedwali, ingawa rafuni ina wawili tu, wa kulia na wa kushoto. Na vitabu vinahama. Kila baada ya miezi kama sita napitia safu ile na kuhamisha. Mwezi uliopita riwaya ile imeondoka kwenye magonjwa, imekwenda kukaa na tawasifu ya mjane. Nilipoisoma huko ilikuwa riwaya nyingine.

Jina la mwandishi nalitafuta kwenye jedwali, na rafu naiachia kazi ya ujirani.

#6

Naomba niseme jambo ambalo mleta uzi hajaligusa, na kwangu ndilo zito.

Mimi pia nilichanganya. Nilikuwa na riwaya tatu za kihistoria kuhusu mfalme mmoja, nikaziweka pamoja na vitabu viwili vya historia ya utawala wake. Baada ya mwaka, kwenye mazungumzo na watu ninaowaheshimu, nikasimulia kwa kujiamini jinsi mfalme yule alivyomsamehe mlinzi aliyemsaliti, hadi maneno aliyomwambia. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole nimeyatoa wapi. Nikarudi nyumbani nikatafuta usiku kucha. Hayakuwemo kwenye kitabu chochote cha historia. Yalikuwa ya mtunzi wa riwaya, ya kubuni kabisa, na mlinzi mwenyewe ni wa kubuni. Yalikuwa yamehamia kichwani mwangu na kuvaa nguo za ukweli.

Simlaumu mtunzi, alifanya kazi yake. Ila vitabu vya kubuni na vya maarifa vina ahadi tofauti kwa msomaji. Mwandishi wa historia akikuambia mtu alisema kitu, anawajibika kukuonyesha kilikotoka. Mtunzi wa riwaya hajaahidi hilo. Ukiviweka bega kwa bega, kumbukumbu haitunzi ahadi, inatunza picha, na riwaya ina picha kali zaidi. Kwa hiyo kila mara riwaya ndiyo itakayoshinda.

#7 · Mleta uzi

#6, asante sana. Hili ndilo neno nililokuwa nalihitaji kabla sijajiamini kupita kiasi. Ahadi tofauti. Kweli kabisa.

Nimekaa nikijiuliza mimi mwenyewe mangapi ninayoyajua kuhusu vita au masoko ya zamani ni ya riwaya. Jana nilichukua riwaya zangu nne za kihistoria na kwenda moja kwa moja kwenye neno la mwandishi, zile kurasa za mwisho ambazo wengi tunaziruka. Mbili zinaeleza wazi: huyu alikuwepo, huyu nimemtunga, tukio hili nimelisogeza mbele miaka miwili. Moja inataja kidogo tu. Ya nne haina neno lolote. Hiyo ya nne nimeiandikia kwa penseli ukurasa wa kwanza: "Hakikisha kwingine." Nadhani nitafanya hivyo kwa zote.

Ila bado siwezi kuzitenga. Nikizitenga, riwaya itaendelea kushinda huko huko ilipo peke yake, na safari hii hakuna jirani wa kuisahihisha.

#8

Samahani kuwarudisha nyuma wakuu, habari ya unyevu tafadhali. Rafu yangu iko kwenye ukuta wa nje na vitabu vya chini vimeanza kunuka.

#9 · Mleta uzi

Mkuu, hama kesho, usisubiri.

Kosa langu lilikuwa kama lako. Kabati liligusa ukuta wa nje, hewa haipiti nyuma. Ukuta ukiwa wa baridi, unyevu wa chumbani unatua pale na kuvu inaanza kwenye migongo ya vitabu kabla hujaiona mbele. Nilipovuta kitabu kimoja kikubwa cha picha, jalada la nyuma lilibaki limeng'ang'ania ubao. Nilisikia linavyobanduka.

Acha nafasi ya vidole vinne kati ya kabati na ukuta, na rafu ya chini kabisa isikae sakafuni. Usibane vitabu hadi ukashindwa kukitoa kimoja bila kuvuta utepe wa juu wa mgongo, hapo ndipo vingi huchanika. Vyenye kuvu vitenge kwanza, vikauke kwenye hewa inayopita, si juani, halafu ndipo ufute vumbi la kuvu kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba na umeziba pua. Unyevu wa chumba ukiweza kuwa chini ya asilimia 60 muda wote, kuvu hupata shida kuota. Kipimo kidogo cha unyevu kinasaidia sana.

Na uzito. Mita moja ya vitabu vya kawaida inafika kilo 20 hadi 30, na vya picha vyenye karatasi nzito hupita hapo. Ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi ukiwa mrefu bila mhimili katikati utapinda tu, hata kama dukani ulionekana mgumu.

Mkishangaa kwa nini kitabu cha babu kimekuwa njano na cha zamani zaidi yake bado cheupe: karatasi za kale zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Kuanzia katikati ya karne ya 19 wakahamia kwenye mbao, ambazo zina lignini (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti), na wakatumia dawa za kugandisha zinazoacha asidi ndani ya karatasi. Asidi hiyo inaikata karatasi polepole. Joto na mwanga vinaiharakisha.

#10

Niongezee kwa wenye wadudu. Kitabu chenye vitobo na unga unga mpya, kitie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, uufunge kabisa, kisha friza, nyuzi kama 20 chini ya sifuri, wiki moja hadi mbili. Mabuu na mayai hufa. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kitabu kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo maji yatatua kwenye karatasi yenyewe.

#11

Swali kwa mleta uzi. Katika hao mia nne, hujasoma vingapi? Mimi nina rafu nzima ambayo sijaigusa na inaniuma.

#12 · Mleta uzi

Kama mia na thelathini. Wajapani wana neno lake, tsundoku, kununua vitabu na kuviacha virundikane bila kusomwa. Mimi sivitengi. Kitabu nisichokisoma nakiweka katikati ya viwili nilivyovisoma na kuvipenda, na hapo hakikai sana. Vilivyo kwenye rafu yao peke yao ndivyo vinavyogeuka deni. Jaribu na vitatu tu kwanza.

#13

Mimi bado niko kwenye riwaya ya wavuvi. Uliiweka wapi?

#14 · Mleta uzi

Nilitamani mtu aulize.

Ukurasa wa 88 wa riwaya ile kuna sehemu mzee mvuvi anashusha ngalawa alfajiri, maji yamejaa, na anafanya hivyo siku kumi mfululizo. Ni kurasa nzuri mno, na katika siku zote hizo kumi maji yamejaa alfajiri. Pembeni ya aya hiyo msomaji wa kwanza hakuweka kistari chake cha kawaida. Aliweka alama ya kuuliza, moja, iliyokolea kuliko alama zake zote.

Niliisoma riwaya ile mara mbili bila kuielewa alama hiyo. Siku ya kupanga upya nikaiweka karibu na kitabu cha maji kujaa na kupwa kwa sababu tu vyote ni vya bahari. Ukurasa wa 31 wa kitabu hicho unaeleza kwamba kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa kuwa mwezi nao unasogea wakati dunia inazunguka. Kwa hiyo maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Nikachukua penseli nikahesabu. Kama ngalawa ilielea alfajiri ya siku ya kwanza, basi siku ya saba au ya nane alfajiri ile ile maji yangekuwa yamekupwa, na mzee angeikuta ngalawa imelala juu ya mchanga mtupu. Angesubiri wiki mbili hivi tangu siku ya kwanza ili maji yajae tena saa ile ile.

Aliyeandika alama ya kuuliza alijua bahari, mimi sikuijua. Mtunzi aliipindisha, kwa kutojua au kwa kutaka alfajiri zake kumi, siwezi kusema. Kurasa zile bado nazipenda, sijapunguza hata kidogo.

Chini ya alama ile nimeandika kwa herufi ndogo: "Tazama jirani wa kulia, uk. 31." Na kwenye ukurasa wa 31 wa jirani: "Tazama jirani wa kushoto, uk. 88." Viwili hivyo sitavihamisha.

Kuanzia ukurasa wa 144 naendelea na vijistari vyangu mwenyewe.